Niliiita Ngano Mwiko

Kabla ya mwaka 2023 mwanangu Haruni alikula vitu vinne tu: chapati ya Mama Zuhura, wali mweupe usioguswa na mchuzi, ndizi mbivu isiyo na doa, na chai ya rangi iliyokwisha kupoa. Ninaanza na chakula kwa sababu ndivyo tulivyo sisi tunaolea watoto wenye usonji. Tukikutana, baada ya salamu huulizana: wako anakula nini? Hatuulizani yuko darasa la ngapi.

Ninaandika haya mwezi Septemba 2025, nikiwa penye cherehani yangu hapa Bigwa, Morogoro. Haruni ameketi nyuma yangu, anapanga vifungo vya mashati kwa rangi. Ana miaka kumi. Hasemi. Naliweka hilo mbele ili asiwepo msomaji atakayenivumilia mpaka mwisho akisubiri neno. Wapo wazazi wengi wanaoambiwa leo, kwenye mabenchi ya kliniki na kwenye simu zao, kwamba ngano ndiyo inayofunga ulimi wa mtoto. Nawaandikia hao. Sina elimu ya tiba. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na mitano, mtahiniwa wa kujitegemea, mjane tayari, nikikariri masomo huku napiga pasi sare za watoto wa wenzangu. Lakini niliyoyaona niliyaona kwa macho yangu, na tarehe zake ninazo kichwani.

Baba yake Haruni alikuwa dereva wa lori la miwa. Alifariki kwa ajali tarehe 3 Machi 2018, mtoto akiwa na miaka miwili na nusu. Wakati wa matanga, waombolezaji wakiwa wamejaa uani, Haruni alikuwa akizunguka palepale alipokuwa kama pia ya kuchezea, akitabasamu. Mama mkwe wangu alimtazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Huyu hata hajui kama amefiwa." Tangu siku hiyo ndugu wa mume wangu hawajavuka kizingiti changu, nami sikuwafuata. Sisi Waluguru ukoo huuhesabu kwa mama. Haruni alikuwa wa kwetu tangu kuzaliwa, na mwenye sauti juu yake ni mjomba wake, kaka yangu Rajabu, mkulima wa nyanya na kabichi kule Mlali. Nilidhani hilo lingetutosha.

Kliniki ya watoto wa aina yetu ilikuwa siku ya Alhamisi. Tulisubiri kwenye korido ndefu yenye mabenchi, ukuta wake umepakwa rangi ya mafuta hadi usawa wa bega. Haruni aliupenda ukuta ule kwa ubaridi wake. Alibandika shavu hapo na kutulia, nami nilishukuru. Tarehe 17 Novemba 2022 mvua za vuli zilikuwa zimeanza na korido ilinuka matope. Mama mmoja mwenye mtoto wa homa alimtazama Haruni alivyobandikwa ukutani, akamvuta wake karibu. "Njoo huku," alisema, "usije ukaambukizwa."

Aliyeketi upande wangu wa pili alikuwa mwanamke wa Dumila, muuza vitunguu wa barabarani. Binti yake, Glory, alikuwa sakafuni akifungua na kufunga gidamu ya kiatu.

"Wako anaongea?" aliniuliza.

"Haongei."

"Wangu alikuwa haongei." Akasogea karibu, kama mtu anayetoa siri ya mahali penye bei nafuu. "Nimeondoa ngano. Mkate, maandazi, chapati, tambi, biskuti, vyote. Wiki ya tatu akasema maji."

"Alisema maji?"

"Alisema maji, mama. Mimi nimeshika kikombe, yeye kasimama pale. Sikumfundisha."

Nilimtazama Glory. Aliifungua gidamu, akaifunga. Kwa muda wote tuliokaa pale hakusema kitu, lakini siku ile hilo sikulipa uzito. Nilikuwa nimeshalisikia lile neno, maji, kwa sauti ambayo nilimtungia Haruni mwenyewe. Daktari hakuwepo, alikuwa semina. Nilimuuliza muuguzi aliyekuwa akiita majina, naye alinijibu bila kuinua macho: "Mambo ya ngano waulize hao hao waliokwambia. Nani anafuata?"

Nilianza Jumatatu, tarehe 9 Januari 2023.

Ni lazima sasa nieleze habari za Mama Zuhura na chapati zake, kwa sababu hadithi yote iko pale. Mama Zuhura ni jirani yangu, bibi wa wajukuu wanne, anayekaanga chapati chini ya kibanda cha mabati kando ya barabara iendayo mlimani. Kila asubuhi Haruni alikwenda mwenyewe, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akangoja. Hakutaka chapati ya kwanza kutoka kwenye chuma cha kukaangia, ambayo hunywa mafuta mengi. Alitaka ya pili. Aliila kwa kuizunguka, kutoka ukingoni kuelekea katikati, akibandua kwa kucha kila alama iliyoungua. Vile vipande vyeusi aliviweka katika kiganja cha mtu aliye karibu, yaani changu, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Hakuwa akinipa. Alikuwa akiviondoa. Nilivila, maana sikuwa na mahali pengine pa kuviweka.

Hicho ndicho nilichokiondoa.

Sikuwa mjinga, nilitafuta cha kuziba pengo. Nilisaga mchele, nikachanganya na unga wa muhogo, nikaukanda kwa maji ya moto, nikasukuma na kukunja kama chapati ya kweli. Ilipasuka pasuka pembeni lakini rangi ilikubali. Haruni aliinusa. Aliigeuza. Aliibandua ukingo, akautia mdomoni, akautoa. Kisha alinitazama usoni, yeye ambaye hamtazami mtu usoni, na akaisukuma sahani mpaka ikaanguka. Kesho yake aliugomea wali pia. Alikuwa ameshajua kwamba mchele uko upande wangu. Katika vyakula vinne tukabaki na viwili, ndizi na chai, nami nilijiambia kwamba dawa yoyote yenye nguvu huanza kwa kumshtua mgonjwa.

Wiki ya kwanza alirudi nyumbani na makombo shingoni. Nilikwenda kibandani.

"Mama Zuhura, nilikuomba."

"Uliniomba, mwanangu. Lakini ananitazama. Anaketi pale kwenye ndoo yake ananitazama. Wewe ukitazamwa vile utaweza?"

"Ngano inamfunga ulimi."

"Nani kasema, daktari?"

"Hakusema daktari."

Mama Zuhura alicheka, na wateja wakacheka naye. "Marehemu babu yake Zuhura alikula ngano miaka yake yote na mdomo haukufunga hata siku moja. Laiti ungefunga kidogo!"

Kwenye foleni walikuwepo wanawake wa hapa Bigwa, vijana wa bodaboda, na wafanyakazi wa viwandani waliokuja Morogoro kutoka mikoa mbalimbali. Wote walinitazama wakitabasamu: mjane mwenye cheti anayemnyima mtoto chapati. Mimi si mtu wa kuchekwa. Nilinyoosha mgongo nikasema:

"Basi nisikilizeni. Ngano ni mwiko wake."

Kicheko kilikatika. Mama Zuhura, aliyekuwa tayari ameikunja chapati kwenye gazeti ili ampe Haruni, aliirudisha kwenye sinia na kuifuta mikono yake kwenye kanga, kidole kimoja baada ya kingine.

Asiye wa kwetu inafaa aelewe. Ukoo wa mama yangu hatuli pongo, yule swala wa msituni. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini, na sikuwahi kuuliza. Niliambiwa nikiwa mdogo kwamba nikimla nitapukutika ngozi, na mpaka leo, pamoja na baiolojia yote niliyoisoma, harufu ya nyama hiyo ikipita nashika pua. Mwiko hauna majadiliano. Anayempa mtu mwiko wake kwa makusudi amemdhuru, na madhara hayo huweza kumrudia hadi kwa wajukuu. Kwa hiyo neno langu lilifanya kwa dakika moja kazi ambayo maelezo yangu yasingeifanya kwa mwaka. Kuanzia asubuhi ile hakuna mkono hata mmoja Bigwa uliompa Haruni chembe ya ngano. Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Lakini mwiko hauzuki hewani. Una aliyeutoa. Ijumaa, tarehe 27 Januari, baada ya sala ya mchana, kaka yangu Rajabu aliingia uani kwangu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nasikia mtoto wangu amepewa mwiko. Kapewa na nani?"

"Si mwiko wa ukoo, kaka. Ni chakula tu. Namjaribu."

"Unamjaribu." Alilitamka neno hilo kama mtu anayeonja chumvi. "Mbele za watu ulisema nini?"

"Nilisema ni mwiko."

"Basi ni mwiko. Pongo hatumli, kwani kuna aliyetupima damu?" Nilikuwa nimemwekea maandazi na chai. Aliisukuma sahani kwa mgongo wa mkono. "Haya hayaliwi katika nyumba ya mtoto mwenye mwiko huu. Umeusema kwa kinywa chako, nami mjomba wake nimeusikia. Nitawaambia nyumba zetu zote. Na siku ukitaka kuuondoa, Mwanaidi, usiuondoe kwa kinywa hicho hicho. Utakuja kwangu."

Ningeweza kumfuata barabarani nikamwambia ukweli wote. Sikumfuata. Watu walikuwa wanatazama.

Masika yalifika mapema mwaka ule, na Ramadhani ikaingia katikati yake. Mwili wa Haruni ulianza kubadilika nami nikiutazama kila nilipomwogesha. Kwanza mabega yalichongoka. Kisha nywele zikageuka rangi ya vumbi jekundu na zikawa zinatoka kwenye taulo. Pembe za mdomo zikachanika. Mbavu ningeweza kuzipapasa zote kupitia shati nililomshonea mwenyewe, shati ambalo ilinibidi kulipunguza mara mbili. Alianza kulamba vitu: ukuta, mfuniko wa sufuria, ncha ya kanga yangu. Hakulia njaa kama watoto wengine wanavyolia, kwa sababu hajui kwamba kilio humwita mtu. Aliuma mkono wake mwenyewe, chini ya kidole gumba, mpaka pakawa na sugu nyeusi ambayo ipo hadi leo.

Na kila asubuhi nilishika kikombe cha maji mbele yake. "Maji, Haruni. Sema maji." Alinishika kifundo cha mkono akivuta kikombe kuelekea mdomoni. Nilikishikilia. "Maji." Siku nyingine nilimpa baada ya muda mfupi. Siku moja nilikishikilia mpaka machozi yakamtoka, na bado sikumpa, kwa sababu midomo yake ilikuwa imekutana kama ya mtu anayetaka kuitamka herufi ya kwanza. Alikuwa anailamba tu ile michaniko.

Aliendelea kwenda kibandani. Sikuweza kumzuia, miguu yake iliijua saa. Aliketi juu ya ndoo yake akatazama chuma. Mama Zuhura, ambaye asingeweza kumpa na asingeweza kumvumilia, alianza kwa kufunika sinia, kisha akaiondoa ndoo, kisha akanunua fagio la chelewa kwa ajili hiyo tu. "Toka, baba, toka! Mwiko wako huu!" Alipiga chini, pembeni ya miguu yake, na mara moja moja alikosea shabaha. Watoto wakaligeuza jambo hilo kuwa mchezo. Mmoja alikuwa akikimbia na kipande cha chapati mkononi, anamsogezea Haruni puani, na Haruni akinyoosha mkono wote wanatawanyika wakipiga kelele: "Kagusa! Kagusa! Atapukutika!" Nilitoka na mkanda wa kupimia shingoni nikawakaripia. Walinisalimu kwa adabu, shikamoo mama, shikamoo mama, wakangoja nirudi ndani.

Wakati wa futari za Ramadhani ile, kwa majirani na kwa ndugu zangu, sinia la tambi na kaimati lilipitishwa juu ya kichwa chake kama kitu cha moto. Hakuna aliyefanya ubaya. Kila mmoja alikuwa akimlinda.

Tarehe 15 Juni 2023, Alhamisi, tulirudi kliniki. Safari hii daktari alikuwepo, mwanamke mdogo kuliko mimi. Alimpandisha Haruni kwenye mzani. Mwezi Novemba alikuwa na kilo ishirini na moja. Sasa alikuwa na kumi na sita. Daktari alisoma mara mbili, akamvuta kope, akampapasa tumbo, akaniuliza anakula nini, nami nikamwambia yote kwa mpangilio, tarehe kwa tarehe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama," alisema, "ulikuwa unamtafutia maneno au kaburi?"

Nilivuta shati la Haruni kufunika mbavu zake.

"Wapo watoto ambao ngano huwaumiza kweli. Hupimwa damu wakiwa bado wanaila. Wewe uliona dalili gani? Aliharisha? Tumbo lilivimba?"

"Hapana."

"Sasa nani alikuambia uiondoe?"

Yule mwanamke wa Dumila alikuwa koridoni, nilikuwa nimepita mbele yake. Sikumtaja.

"Kamrudishie chapati yake leo," daktari alisema. "Leo, si kesho. Mengine tutayaongeza akishakuwa na nguvu ya kuyakataa."

Nilipotoka, Mama Glory alinipa nafasi kwenye benchi. Glory alikuwa amekua. Kiatu kilikuwa kingine, gidamu ile ile ya kufungua na kufunga.

"Glory anasema nini sasa?" nilimuuliza.

"Alisema maji."

"Mbali na maji?"

"Si nimekwambia? Alisema maji."

"Mara ya mwisho lini, dada yangu?"

Alimrekebisha mtoto ukosi wa gauni, ukosi ambao haukuwa na kosa lolote. "Siku ile," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini: "Lakini nikimrudishia mkate, si nitakuwa nimemnyamazisha mimi?"

Nilikuwa nimekuja na maneno makali ya kumwambia. Niliyameza, nikashika mkono wa mwanangu, tukaondoka.

Jioni ile nilisimama mbele ya kibanda cha Mama Zuhura.

"Nipe chapati moja. Ya Haruni."

Alinitazama kama nimemwomba kisu. "Ya kwako nitakupa."

"Ya Haruni. Daktari amesema."

"Daktari ana mwiko wenu? Mama Haruni, nina wajukuu wanne. Sitamvunjia mtoto mwiko kwa mkono wangu. Nenda kapike kwako."

Nilinunua unga, nikapika kwangu. Nilitumia mafuta yale yale, nikaacha alama za kuungua kwa makusudi. Haruni aliinusa na kuisukuma. Alikuwa amejifunza kuhusu chapati zangu mwezi Januari. Nilinunua za hotelini, nikanunua za mama mwingine wa kituoni. Nyingine nene, nyingine hazikuwa na pete za mikunjo anazozifuata kwa kidole. Duniani palikuwa na chapati moja ambayo mwanangu angeikubali, na mkono uliokuwa ukiipika ulikuwa umefungwa na neno langu. Ijumaa alishindwa kupanda ngazi mbili za mlango wangu.

Jumapili, tarehe 18 Juni, nilimbeba mgongoni, mtoto wa miaka saba, nikaenda Mlali.

Ilikuwa kipupwe, ukungu ulikuwa haujaondoka mlimani na ndugu walikuwa wamejifunika mashuka. Kaka Rajabu alikuwa amewaita baada ya mimi kumpigia simu. Yeye aliketi kwenye kigoda, mama mdogo na wengine kwenye mkeka, nami akanionyesha chini, kwenye udongo mtupu. Niliketi. Nilikuwa nimevaa gauni langu la mahafali.

"Sema," aliniambia.

"Niseme nini, kaka?"

"Mwiko ulioutangaza Bigwa ulitoka wapi?"

"Kliniki."

"Kwa daktari?"

"Kwenye benchi. Kwa mama mmoja wa Dumila."

"Anafanya kazi gani?"

"Anauza vitunguu."

Kaka aliwageukia ndugu. "Muuza vitunguu wa Dumila," alisema, "ameupa ukoo wetu mwiko."

Walicheka mpaka mama mdogo akajifuta macho. Haruni, aliyelala mapajani mwangu, aliziba masikio.

"Na wewe ndiye msomi wetu," kaka aliendelea. "Uliyekwenda kufanya mtihani pamoja na watoto uliowashonea sare. Sema: mimi sijui."

"Kaka, mtoto hana nguvu. Tufanye upesi."

"Kwa hiyo sema upesi."

"Mimi sijui."

"Hatukusikia huku nyuma."

"Mimi sijui!"

Hapo ndipo aliposimama. Alivuta maji ya kibuyu mdomoni, akamwinamia Haruni, akampulizia kifuani kama wajomba wanavyofanya wanapoondoa neno baya. Haruni hapendi kurushiwa maji. Hata mvua humtia wazimu. Aliinuka kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, akaudaka mkono wa mjomba wake na kuung'ata. Ilichukua watu wawili kumtoa.

"Alhamdulillahi," mama mdogo alisema kutoka mkekani, "hamu ya kula ipo!"

Safari hii aliyechekwa alikuwa kaka, naye hakucheka. Alijifunga kitambaa, damu ikapenya. "Mwiko nimeuondoa," alisema. "Akidhurika, usije ukalia kwangu." Tangu siku hiyo hajaniita nyumbani kwake, na watoto wake hawali sahani moja na Haruni.

Kesho yake asubuhi Mama Zuhura hakutosheka na neno langu. Alitaka kinywa cha mjomba. Nilimpigia kaka, nikaweka simu spika, foleni nzima ikanyamaza kusikiliza.

"Mpe," sauti ilisema.

"Nimpe tu, baba?"

"Mpe. Na mwambie mama yake aache kuchezea maneno ya wakubwa."

Mama Zuhura aliilaza ya kwanza pembeni, akasukuma ya pili, akaigeuza, akaikunja kwenye gazeti. Alipiga goti mbele ya Haruni akamnyooshea. "Haya baba. Imekwisha. Chukua."

Haruni aliinua mikono yote miwili akafunika kichwa.

Alikuwa anangoja fagio. Mama Zuhura alilitupa barabarani, akamwita tena, akamwimbia, akalia. Haruni alirudi nyuma hatua kwa hatua na macho yake hayakutoka kwenye chapati. Nilimjua vya kutosha. Nilirudisha ndoo mahali pake, nikaiweka chapati juu yake, kisha nikawageukia watu wa foleni, wale wale walionicheka mwezi Januari.

"Ndugu zangu," niliwaambia, "naombeni mtazame barabarani."

Waligeuka wote. Vijana wa bodaboda, wafanyakazi wa kiwandani waliokuwa wanachelewa zamu, Mama Zuhura mwenye unga hadi viwikoni. Hakuna aliyeangalia saa. Tulisimama tumeupa mlima mgongo, tukisikiliza, mpaka gazeti likachakarika.

Mzazi mwenzangu, ukitaka kujaribu, anza kwa daktari na uulize kipimo kabla hujaondoa kitu mezani. Mtoto akila vitu vinne, kila kimoja ni nguzo. Usiing'oe kabla hujamwekea nyingine aliyoikubali mwenyewe. Na uwaambie majirani ukweli, hata wakicheka. Kilo zilirudi kabla ya vuli iliyofuata. Nywele zilirudi na weusi wake. Mama Zuhura bado anakaanga, na ndoo ipo.

Kilichobaki ni hiki. Haruni hali tena akiwa ameelekeza uso kwa watu. Huichukua chapati yake, hugeukia ukuta wa mabati, huinama juu yake kama mtu anayekinga kiberiti kwenye upepo, na mtu akisogea huacha kutafuna. Mimi pekee naweza kuketi nyuma yake, nikiwa kimya. Inafika wakati mkono wake mmoja unarudi nyuma, bila yeye kugeuka, ukipapasa hewani hadi ukikute kiganja changu. Anaviweka pale vile vipande vilivyoungua, kimoja kimoja, kisha mkono unaondoka.

Sijui kama ananipa au anaviondoa tu. Navila.